Ewart Barraclough na Yufoniamu Nne Nyuma ya Pazia

Hili nitakalowaambia, wapwa zangu, hamtaliamini, na wala sitawalaumu. Nilikuwepo mimi mwenyewe, hatua tano tu kutoka jukwaani, na bado kuna asubuhi naamka nikijiuliza kama sikuota. Lakini ngoma kubwa ya bendi ya Hallowroyd nimeipiga miaka arobaini na moja bila kukosea pigo hata moja (wengine watawapa hesabu yao, wana wivu hao), kwa hiyo kwenye mambo ya sauti neno langu ni la kushika. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano, najua kusoma, kujumlisha na kukimbia mvua. Masikio lakini, Mungu alinipimia ya ziada.

Habari yenyewe ni ya Ewart Barraclough, yule aliyemwoa dada yangu Freda na kunipata mimi kama nyongeza. Ewart ni fundi. Miaka thelathini na minane alitengeneza mitambo ya kufumia mazulia pale kiwandani kando ya mto, mpaka kiwanda kikafungwa na kugeuzwa nyumba za watu wa Leeds wanaopenda kulipia matofali yasiyopigwa plasta. Ni mtu mfupi, mikono kama koleo, maneno ya kubanabana. Ukikaa naye kwenye baa saa nzima utatoka na sentensi nne, na mbili kati ya hizo zinahusu hali ya hewa.

Lakini mpe yufoniamu.

Yufoniamu ni lile tarumbeta nono linalopakatwa mapajani kama mtoto aliyeshiba, kinywa kikitazama dari. Katika bendi zetu koneti, zile tarumbeta ndogo, hupayuka mbele, besi hunguruma nyuma, na yufoniamu ndiyo huimba. Aliyeiimbisha kwa miaka thelathini na sita alikuwa Ewart, kiti kilekile, chombo kilekile, ambacho si chake bali ni mali ya bendi, maana huku kwetu mtu hapewi tarumbeta, huazimwa tu. Kile kibonde kilicho ubavuni mwake kilitokana na mlango wa basi mwaka wa theluji kubwa. Ule mkwaruzo, siusemi, kwa sababu nilikuwepo.

Sasa msimu huu wa Ijumaa ya Pentekoste, siku tunayozunguka vijiji vya milimani tukishindana kutoka asubuhi mpaka miguu inakataa, mwongozaji wetu Desmond Pickles alikuwa amechagua kipande chenye mstari wa yufoniamu peke yake. Bendi nzima inanyamaza, na yufoniamu inapanda, inapanda, mpaka noti moja ya juu kabisa, inakaa pale kama mwewe angani, kisha inashuka polepole. Desmond alikichagua kwa ajili ya Ewart. Alisema hivyo mbele ya watu wote, na Ewart akawa mwekundu mpaka shingoni, akajifanya anamwaga maji ya pumzi kutoka kwenye bomba la yufoniamu.

Hiyo ilikuwa Januari. Mwezi wa pili Ewart akang'olewa meno.

Meno manne ya mbele, juu. Hakwenda kwa daktari wa hapa kijijini, la hasha, alipanda basi mpaka Halifax ili asionekane, akatuambia amekwenda kumwangalia binamu yake mgonjwa. Alirudi na meno ya bandia yaliyonyooka kuliko yale ya mwanzo, na hakuna aliyegundua kitu, kwa sababu Ewart huwa hatabasamu mara kwa mara kiasi cha watu kulinganisha. Freda peke yake ndiye aliyejua.

Msiopuliza hamwelewi balaa lake. Mpulizaji huegemeza kile kidomo cha shaba kwenye midomo, na midomo nayo huegemea meno. Meno ndiyo ukuta. Ukuta ukitikisika, noti za chini zinavumilia, za kati zinanung'unika, za juu zinaanguka. Mazoezi ya kwanza baada ya Halifax, Ewart alipanda ule mstari, na pale juu sauti ikapasuka kama mtu anayechana shuka.

Watu wote wakageuka. Si kwa ubaya. Kwa mshangao tu, kama ambavyo ungegeuka ukisikia saa ya kanisa inapiga chafya.

"Vali ya tatu," akasema Ewart. "Inavuja pumzi."

Neno likamtoka tu, hata yeye hakulituma. Na nani abishane naye? Mtu aliyekuwa akisikia mtambo wa tani sita unavuma na kukwambia ni msumari upi umelegea! Desmond akatikisa kichwa kwa huruma, akaitazama yufoniamu kama farasi aliyezeeka.

Usiku huohuo Freda alimkuta Ewart bafuni. Amejaza maji kwenye sinki la kuogea, amezamisha yufoniamu, ameziba upande mmoja kwa kitambaa na anapuliza upande mwingine, anatafuta mapovu. Ndivyo fundi anavyopima chombo kinachovuja. Kama pumzi inatoroka mahali, mapovu yataonyesha. Alipiga magoti pale nusu saa nzima, akakigeuza chombo huku na huku. Hapakuwa na povu hata moja. Mara ya kwanza katika maisha yake mtu yule alikuwa anaomba mtambo uwe mbovu, na mtambo ukamkatalia.

"Waambie, Ewart," Freda akasema mlangoni.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba umeng'olewa meno. Hukuua mtu."

"Desmond amechagua kile kipande kwa ajili yangu."

"Basi achague kingine."

"Wewe huelewi, Freda."

"Naelewa kwamba taulo zangu zote zimelowa na kuna tarumbeta bafuni kwangu. Waambie."

Hakuwaambia. Mazoezi yaliyofuata, Winnie Murgatroyd, katibu wa bendi, mwanamke aliyeendesha posta ya kijiji miaka ishirini na saba na bado anakutazama kama umebandika stempu vibaya, alimuuliza mbele ya wote: "Umeipima?"

"Nimeipima."

"Na mapovu?"

Ewart akafuta kidomo. "Yapo," akasema.

Neno moja hilo, wapwa zangu, likainua kijiji kizima. Mnadhani watu wa Hallowroyd ni wa kuacha yufoniamu yao ife? Wiki sita mfululizo kulikuwa na pai na njegere kila Alhamisi, kukawa na mnada wa nguo kuukuu, watu wakauza keki barabarani, mchinjaji akanyoa ndevu zake hadharani kwa mchango. Kila mtu aliyepita mlangoni kwa Ewart alimwambia, "Tutakupatia mpya, mzee, usihofu." Na kila aliyemwambia hivyo alimtia jiwe jingine mfukoni. Akakonda. Freda akadhani ni ule uji, kwa sababu meno mapya yalikuwa bado yanamkataza nyama.

Likabaki tumaini moja tu, akalishika kama mtu anavyoshika reli ya ngazi gizani: huenda chombo kipya kikambeba. Siku hizi vyombo hutengenezwa vyepesi kupuliza. Huenda kimojawapo kikaipata ile noti kwa huruma yake chenyewe, na siri ikafa palepale.

Jumamosi moja, saa nane mchana, majuma matatu kabla ya Pentekoste, muuza matarumbeta aliyeitwa Trevor Ogden akasimamisha gari lake mbele ya chumba cha bendi. Zamani kilikuwa shule ya Jumapili ya Wamethodisti, na bado kuna jukwaa dogo lenye pazia la kijani ambalo nondo wamelifanyia kazi nzuri. Ogden akaingiza masanduku matatu. Akayafungua moja moja, taratibu, kama anayefunua mtoto mchanga. Tarumbeta moja lilikuwa limepakwa fedha mpaka unaona pua yako ndani yake. La pili lilikuwa la shaba ya manjano, vali zake zinateleza kama siagi. La tatu lilikuwa na mapambo ya dhahabu na bei ambayo Winnie aliisoma akaomba kiti.

"Sasa tutazipima kwa utaratibu," akasema Winnie alipopata nguvu.

Utaratibu wetu ni huu. Katika mashindano mwamuzi hufungiwa ndani ya hema au kijumba asione nani anapiga. Anasikia tu, anaandika maoni yake, akiwa tayari anapuliza filimbi bendi inayofuata ianze. Hata akikohoa mtu nje tunalalamika kwamba bendi fulani inampa ishara. Na tangu mwaka ule tuliponunua besi kwa sababu iling'aa, kumbe ina sauti ya ng'ombe chumbani, Winnie ameweka sheria: bendi ya Hallowroyd hainunui chombo kwa macho. Chombo kinakwenda nyuma ya pazia, sisi tunakaa mbele na karatasi, na filimbi anashika yeye.

"Na ya zamani iingie pia," Desmond akasema. "Tuwe na cha kulinganishia."

"Zitakuwa nne," akasema Winnie. "Ogden atazipa namba huko ndani, asituambie. Na wapigaji watakuwa wawili, mmoja akiwa na siku mbaya tusije tukalaumu chombo bure. Ewart na Bryony."

Nilikuwa namtazama Ewart. Rangi ilimtoka kama shati lililofuliwa na maji ya moto.

Bryony Lumb ni binti wa miaka ishirini na miwili, anafanya kazi kwa daktari wa mifugo, ana mikwaruzo ya paka mpaka kwenye viwiko. Yeye ndiye yufoniamu ya pili. Ewart ndiye aliyemfundisha, tangu akiwa mdogo kiasi kwamba chombo kilimficha uso wote, ukawa unaona viatu tu.

"Nani aanze, Mjomba?" akamuuliza wakiwa nyuma ya pazia. (Haya ya nyuma ya pazia nilimtoa Ewart mdomoni kidogo kidogo baadaye, na pale alipobana nimejazia kwa busara.)

"Naanza mimi," akasema Ewart. Alitaka yaishe.

Filimbi ikalia.

Namba moja ilikuwa ile ya fedha. Ewart akapiga wimbo wa kanisa, ule tunaopasha nao midomo moto, na kule chini sauti ilikuwa nzito na tamu kama asali ya baridi. Akapata moyo. Akavuta pumzi, akaupanda ule mstari. Pale juu ikapasuka. Namba mbili, ya dhahabu, akapanda kwa tahadhari, kama paka kwenye ukuta wenye vigae vya chupa. Ikapasuka. Namba tatu alipoigusa tu vidole vilitambua. Ilikuwa ileile ya kwake, vali ya tatu imelika kidogo kwa kidole chake mwenyewe. Hii aliipuliza kama mtu anayeomba radhi. Ikapasuka. Ya nne hata sina haja ya kuwaambia.

Akaketi kwenye sanduku la Ogden. Ogden, ambaye amesikia wapulizaji elfu, alimtazama midomo, kisha akajifanya anafuta sanduku. Ni mfanyabiashara, lakini ni binadamu.

Filimbi ikalia tena. Bryony akachukua namba moja, akapiga vizuri. Namba mbili, vizuri. Kisha akapakata namba tatu, lile zee lenye kibonde, akafumba macho na kuvuta pumzi kutoka chini ya mbavu kama alivyofundishwa na mtu aliyekuwa ameketi kwenye sanduku pale, na akapanda. Hakupapatika. Alipanda kama anayepanda ngazi za kwao akiwa amebeba kikombe kilichojaa, asimwage. Noti ya juu ikafunguka, ikakaa. Ikakaa bado. Kisha akaishusha chini taratibu akailaza.

Ewart anasema mambo mawili yalimpata kwa wakati mmoja. Moyo ulimvunjika, na akataka kupiga makofi.

Huku mbele sisi tulikuwa hatuna habari. Tunaandika tu, kalamu zinakwaruza, kila mtu uso wa mwamuzi. Mimi nikafuta macho, nikasingizia vumbi la pazia.

Walipotoka, Desmond akakusanya karatasi na kuanza kusoma kwa sauti, jinsi matokeo yanavyosomwa. Kuhusu vyombo tulikuwa na kauli moja: namba tatu. Karatasi baada ya karatasi, namba tatu. Sauti ya mviringo, ina joto, inunuliwe hiyo, inunuliwe leo. Lakini nyie mnajua masikio ya watu wa bendi hayatosheki kusikia, lazima yatambue. Kwenye mashindano kila mmoja wetu anajigamba anaweza kujua ni bendi gani inapiga hata akiwa amefungwa kitambaa. Kwa hiyo karibu kila karatasi ilikuwa imeongeza chini, bila kuombwa, majina ya wapigaji.

"'Mpigaji wa kwanza ni Bryony,'" akasoma Desmond. "'Bado mbichi, midomo haijakomaa.' Nyingine: 'Wa kwanza ni binti, anaogopa noti za juu. Wa pili ni Ewart, bonde zima hakuna kama yeye.' Nyingine, 'Bryony apewe miaka kumi.' Hii imeandikwa kwa herufi kubwa."

Hiyo ya herufi kubwa ilikuwa yangu. Sipendi kuizungumzia.

Bryony alikuwa amesimama karibu na birika la chai. Masikio yalikuwa mekundu. Angeweza kusema neno moja tu. Akamtupia Ewart jicho, akaliondoa haraka, akatazama viatu vyake.

"Usijisikie vibaya, mwanangu," akasema Winnie. "Midomo hukomaa."

"Ndiyo, Bibi Murgatroyd," akasema Bryony. "Nitazidisha mazoezi."

"Na ule mstari tumshukuru Mungu upo mikononi mwa mzee wetu," akasema Desmond. "Ewart, ile noti... miaka yote hii sijawahi kukusikia hivyo."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa, wapwa zangu. Ewart alikuwa anaweza kuketi tu. Kunyamaza ndiyo kazi anayoijua kuliko zote. Angepata sifa, angepata chombo, na majuma matatu ya kutafuta visingizio vipya. Binti angebeba mzigo, na angebeba bila kunung'unika.

Ewart akasimama. "Wa kwanza nilikuwa mimi," akasema.

Watu wakacheka kwa upendo. "Mwone Ewart!" akasema Stanley Uttley, mpiga besi, kutoka nyuma. "Anamlinda mtoto. Keti, bwana, tumekusikia kwa masikio yetu."

"Nawaambia wa kwanza ni mimi."

"Una moyo mzuri, Ewart," Winnie akasema, "lakini mtoto hafundishwi kwa kudanganywa."

Hebu fikirini. Mtu amesema uongo miezi mitatu watu wanameza kama chai, anasema kweli mara moja wanamwambia anadanganya! Ewart akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na spana. Kisha akatia kidole gumba mdomoni, akasukuma, akayatoa yale meno na kuyaweka juu ya rundo la karatasi mikononi mwa Desmond.

Desmond hakuyaangusha. Hilo nampa sifa.

"Mwezi wa pili," akasema Ewart, na maneno sasa yalikuwa yanateleza pembeni. "Halifax. Vali haivuji. Haikuwahi kuvuja. Namba tatu ni ileile ya zamani, na aliyeipiga vizuri ni Bryony."

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelizima.

"Na mapovu?" akauliza Winnie polepole.

"Hayakuwepo."

"Nimekanda unga wa pai mia mbili na kumi, Ewart Barraclough."

"Najua."

"Mabega yangu bado yanauma."

"Najua, Winnie. Mniwie radhi." Alisema akitazama sakafu, kichwa kimeinama, mzee mzima asiye na meno ya mbele, na nawaambia hata mimi, ambaye nimemtania mtu yule tangu siku ya harusi yake, nilitazama pembeni. Winnie akamtazama. Kisha akagonga meno yake mwenyewe kwa kalamu, tik tik tik.

"Unadhani haya nilizaliwa nayo?" akasema.

Huko nyuma Stanley Uttley akaanza kukoroma kwa kicheko. "Ewart! Njoo huku ututazame. Tupo wapiga besi watatu, na ukituunganisha sote hupati meno ya kumaliza tufaha moja. Unadhani tulikuja nyuma kwa kupenda mandhari? Mimi nilikuwa koneti! Koneti ya kwanza! Meno yakanitoka, nikashuka kwenye pembe, nikashuka kwenye baritoni, nikafika huku. Kidomo cha besi kipana kama kikombe cha chai, bwana, kinakuegemea kwa adabu. Na kiti kimoja kipo wazi tangu mwenzetu Arnold ahamie kwa binti yake Uhispania."

"Besi," akasema Ewart, kama mtu aliyetajiwa makaburi. Maana huku kwetu ndivyo mtu anavyozeeka ndani ya bendi. Hatolewi. Anashushwa nyuma, safu baada ya safu, na kila safu ni kwaheri ndogo. Alikuwa ametumaini kufa akiwa kwenye mstari wa kuimba.

Hakuna aliyemharakisha. Alikwenda akaichukua namba tatu pale jukwaani, akakaa nayo kidogo mapajani. Akatoa leso akaifuta, akapita pole pole kwenye kile kibonde. Kisha akamwendea Bryony.

"Vali ya tatu hukwama kwenye baridi," akamwambia. "Ipashe moto kwapani kabla ya gwaride. Usiimwagie mafuta mengi."

"Mjomba, siwezi kuchukua—"

"Pentekoste mstari ni wako. Ukifika juu usiibane noti. Iache ije. Umenisikia?"

"Nimekusikia." Na binti akalia, huku ameikumbatia ile yufoniamu, machozi yakianguka juu ya vali ambazo hazikuhitaji maji zaidi.

Aliyetuokoa na vilio alikuwa Ogden, ambaye alikuwa amesimama pale na yufoniamu tatu mpya zisizotakiwa na mtu. "Samahani," akasema. "Garini nina besi mbili."

Winnie akageuka kama askari. Michango yote ipo, kijiji kimechangia chombo cha Ewart, na chombo cha Ewart ndicho kitakachonunuliwa. Desmond akamrudishia mtu meno yake. Stanley akakimbilia garini, na Stanley hajakimbia tangu mgomo wa wachimba makaa ya mawe. Zikaingizwa besi mbili kubwa kama mabeseni ya kuogeshea watoto, moja ya fedha, moja ya shaba yenye rangi ya chai ya rangi.

Ewart akanyoosha mkono kwenye ile ya fedha.

"Ah-ah!" akasema Winnie. "Pazia."

"Winnie, mpigaji ni mmoja. Mnajua ni mimi."

"Pazia, Ewart. Sheria ni sheria, na wewe leo ndiye wa mwisho kulalamika."

Akaenda nyuma ya pazia akiburuta besi mbili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilisikia mtu akicheka huko ndani, kicheko kifupi cha puani. Tukakaa. Karatasi mpya. Filimbi.

Namba moja ilikuwa sawa, kama mtu mzima anayefunga mlango kwa heshima. Akapanda, akashuka, haikupasuka popote. Tukatazamana. Winnie akapuliza filimbi. Na namba mbili, wapwa zangu, namba mbili! Alianza ule wimbo wa kanisa kutoka chini kabisa, noti pana, tulivu, inayopumzika juu ya miguu yake yenyewe, na alipofika mwisho akaishusha ile noti ya chini kuliko zote, ikaingia sakafuni, ikapita kwenye viatu vyetu, vikombe kumi na viwili vikaruka kwenye meza, madirisha yakadondosha nati zake, noti ikatoka nje ikashuka bondeni, ikapanda mlima wa pili, kondoo mia tatu wakapiga magoti kwa pamoja, na treni ya kwenda Manchester ikasimama katikati ya njia, dereva akavua kofia, abiria wote wakashuka wakisema wamesikia—

"Treni gani?"

Ni Ewart huyo. Amekuja kunywa chai, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu, miwani puani, anasoma haya ninayowaandikia.

"Jumamosi ile treni zilikuwa hazitembei, wewe. Wiki nzima walikuwa wanatengeneza reli. Na kondoo wa ule mlima ni wa Stanley, wapo kumi na wanne, na siku ile alikuwa amewafungia kwa ajili ya dawa. Futa. Futa mpaka hapo kwenye vikombe, na vikombe vyenyewe ulivitikisa wewe kwa goti, nilikuona kwenye tundu la pazia, ulikuwa unalia kama—"